Picha ya Njuga na Mama Zao

Juzi mjukuu wangu Shiro alikuwa anatazama picha kwenye simu, sahani ya githeri mapajani. Kila waigizaji walipoanza kuimba, yeye alitelezesha kidole na wimbo ukawa umekwisha. Nikamuuliza picha ikoje. Akanijibu, "Cucu, ni mbaya. Haina story." Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na yeye akadhani uzee umeniingia vibaya. Basi haya nawaandikia yeye na nyinyi wenzake wote wenye vidole vyepesi. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuonyesha watu picha, na maneno hayo hayo niliyasikia zamani kwenye bucha moja Ruiru, nusura yaniondoe kwenye kiti changu.

Miaka ya tisini, mtu wa Thika akitaka kuona picha alikuja kwetu nyuma ya soko. Ulikuwa ukumbi wa mabati wenye mabenchi, televisheni kubwa juu ya meza ndefu, na chini yake mashine ya video iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Mwenye ukumbi aliitwa Kamande, na alikuwa na mwingine Ruiru karibu na reli. Kumbi zilikuwa mbili lakini kanda ilikuwa moja. Ikimaliza Thika inashuka Ruiru ndani ya kikapu, chini ya sukuma wiki, isije ikapigwa na jua.

Mimi nilianzia mlangoni, kwenye birika la chai. Siku moja mashine ilitafuna mkanda katikati ya picha, wanaume wakaanza kupiga mabati. Mzee Swaleh, ambaye ndiye aliyekuwa akiiendesha, aliangalia vidole vyake vinene, kisha akaniangalia mimi niliyekuwa nafuma sweta pale mlangoni. Akasema, "Mama Wambui, hebu njoo na hiyo mikono yako." Nikautoa mkanda polepole kama uzi uliojifunga fundo, na haukuwa na hata kovu. Tangu siku hiyo chai ilipata mtu mwingine.

Mzee Swaleh alikuwa Mwislamu wa Majengo, Thika. Babu zake walitoka pande nyingi, mmoja Sudan, mwingine Kongo, na yeye mwenyewe alizaliwa Thika na kuzeekea hapo. Ujana wake aliumaliza akizunguka mashamba ya kahawa na gari la sinema, akitundika shuka jeupe kati ya miti miwili. Alikuwa mpole mpaka uguse kifaa bila kunawa mikono. Hapo utajua ana sauti.

Aliyonifundisha nitawapa bure, hata kama mashine zenyewe siku hizi mnawekea maua. Mkanda ukiliwa usiuvute. Zungusha kigurudumu kwa kidole mpaka uachie wenyewe. Ukikatika, kata ncha zote mbili kwa wembe ulioinama kidogo, ubandike selotepu upande wa nyuma, kamwe si upande unaogusa kichwa cha mashine. Kanda iliyolala kwenye baridi iache kwanza izoee joto la chumba. Kichwa cha mashine husafishwa kwa spiriti na kitambaa kisicho na nyuzi. Kibe, mwenzetu aliyeendesha mashine ya Ruiru, aliwahi kukisafisha kwa mafuta ya taa, na kwa siku kadhaa kila mwigizaji alionekana kama anamwagiwa mchele. Wateja hawakulalamika sana. Walifikiri huko ng'ambo ndivyo mvua yao ilivyo.

Lakini somo kubwa la Mzee Swaleh lilikuwa fupi: ukishabonyeza, toa mkono. Picha ikishaanza, usipeleke mbele, usirudishe nyuma, usiongeze chochote. Yeye mwenyewe akishabonyeza alikuwa anageuza kiti chake, akaipa televisheni mgongo na kukaa akitazama watu. Nilipomuuliza kwa nini haangalii, alisema, "Picha naijua. Hawa watu ndio sijui watafanya nini."

Ndipo ikaja ile picha. Ilikuwa ya Kihindi, na jina lake halisi hakuna aliyeweza kulitamka, kwa hiyo tukaiita picha ya njuga, maana msichana wake alivaa njuga miguuni na hata akienda kuteka maji zilimsema. Ilikuwa ndefu. Ulikuwa unaweza kuweka maharagwe jikoni, ukaja ukaona nusu, ukarudi ukakuta ndiyo kwanza yanalainika. Na nyimbo zilijaa tele. Huko Thika iliwatia watu wazimu. Akina mama wa Witeithie walikuja na vigoda vyao kwa sababu mabenchi hayakutosha. Walitoka wakifuta macho na kusifu, wakarudi na majirani zao, na hao nao wakasifu. Kihindi hatukukijua hata neno, lakini nani anahitaji neno? Unaona mtu anacheka, unaona mtu analia, unaona mkwe amenuna. Hayo yapo hata Thika.

Baadaye tuliipeleka mpaka Gatuanyaga na jenereta, tukaionyesha kwenye ukumbi wa kanisa. Vumbi la huko lilikuwa la kuiua mashine, nikaivalisha leso mbili. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amekubali kwa sharti moja, kwamba matumbo ya wachezaji yasionekane. Sasa mimi ningeyafanyaje? Akajitolea mwenyewe. Kila wachezaji walipotokea alisimama kando ya televisheni na kuweka kofia yake mbele ya kioo, akawa anawafuata nayo kushoto na kulia, jasho likimtoka. Yeye peke yake ndiye aliyeyaona yale matumbo yote kwa karibu. Watu wa Gatuanyaga waliisifu picha hiyo sana, na nadhani kofia ilisaidia.

Turudi Ruiru, maana huko ndiko nilikoponea chupuchupu. Kamande alikuwa amenipa Jumamosi mchana, saa za akina mama. Siku nyingine mashine ya Ruiru ilikuwa ya Kibe na wanaume wake wa karate, lakini Jumamosi mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti na ufunguo wa kabati la mashine shingoni. Mwanamke kuendesha video Ruiru halikuwa jambo la kawaida. Wengine walikuja kunitazama mimi kwanza, picha baadaye. Nilikipenda kile kiti, siwafichi. Nilikuwa na watoto watatu na mume aliyesahau njia ya nyumbani, na nikikaa pale nilikuwa mtu anayengojewa na watu.

Bahati mbaya zile Jumamosi zilianza kudorora. Kamande akaniita, akaongea akiangalia saa yake. "Mama Wambui, hii Jumamosi ya wamama haijazi. Leta hiyo picha ya njuga yenye watu wa Thika wanasifu. Ikijaza, uendelee. Isipojaza, nampea Kibe hiyo siku, na wewe urudi kwa chai." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, itajaza mpaka mlangoni. Nilisema hivyo nikiwa sijui kwamba Kibe alikuwa ameshaichukua ile kanda Jumatano na kuwaonyesha wanaume wake.

Nilijua Alhamisi, nilipoingia bucha kununua matumbo. Mwenye bucha aliitwa Gathogo. Alikuwa mtu mnene, mwenye kucheka kwa sauti, na kwa mambo ya picha yeye ndiye aliyekuwa hakimu wa Ruiru. Ukumbi ukifunguka watu walikuwa wakimngoja Gathogo kwanza atoe hukumu yake, ndipo wengine wajue kama wameburudika. Nikamkuta amesimama nyuma ya gogo, panga mkononi, anahutubia wateja.

"Hiyo picha ya njuga ni ya bure," alikuwa anasema. "Watu wa Thika hawajui picha. Msichana anaenda kisimani hajaolewa, akirudi ako na mtoto anatembea. Mtoto ni wa nani? Hakuna anasema. Halafu kuna mzee, baba ya kijana. Anaingia kwa nyumba na macho yake mawili. Kutoka, ni kipofu. Na hakuna mtu hata anamuuliza, mzee, umefanya nini?"

Wateja wakacheka. Mama mmoja akasema mume wake alimwambia hivyo hivyo, kwa hiyo Jumamosi afadhali afue nguo. Yule mama alikuwa mmoja wa watu wangu wa benchi la mbele. Kufika Jumamosi hukumu ya Gathogo ingekuwa imefika kila nyumba.

Nikamuuliza Gathogo, "Baba Ciku, kwani wimbo wa taa hukuuona? Si huko ndiko mzee alikopofukia?"

"Wimbo gani? Nyimbo si zilipelekwa mbele."

"Zote?"

"Zote. Sasa mtu akianza kuimba si story imesimama? Ni vile kwa karate, wakianza kuongea tunaambia Kibe apeleke, na hatupotezi kitu."

Hapo nikaelewa, na nikawa karibu kulia na kucheka kwa pamoja. Ule ndio ulikuwa utaratibu wa Ruiru. Kibe alikuwa na rimoti, na watu wakipiga kelele "Peleka!" alipeleka. Kwa picha za ngumi haikuwa na madhara. Lakini picha ya njuga mambo yake yote yalikuwa ndani ya nyimbo. Kwenye wimbo wa mvua ndipo wanapofunga ndoa ya siri. Kwenye wimbo wa bembea kijana anapanda gari la moshi anaenda, tumbo linakua, mtoto anazaliwa, na kufika ubeti wa mwisho huyo mtoto anakimbiza kuku. Wimbo wa taa ndio mrefu kuliko zote, yule mzee anakaa kando ya taa usiku baada ya usiku akimngoja mwanawe na kulia, mpaka macho yanazimika. Wanaume wa Ruiru walikuwa wameitoa nyama yote, halafu wakalalamika kwamba mfupa hauna ladha.

Nilikwenda kwa Kibe kwanza. Alinisikiliza akitafuna majani ya muguka. "Mama, watu wakisema peleka, mimi ni nani nisipeleke? Alafu naionyesha mara mbili kwa mchana mmoja. Wewe ukiweka nyimbo unaonyesha mara moja tu." Na kwa hesabu yake alikuwa sawa kabisa. Sikugombana naye.

Ningeweza kurudi kwa Gathogo nikamweleza taratibu. Lakini mtu aliyetoa hukumu mbele ya watu hairudishi kwa kuelezwa, anairudisha kwa kushikwa. Nikarudi bucha jioni, wakati wateja wamejaa, nikasema kwa sauti ya kutosha: "Baba Ciku, mimi nasema hujaona hiyo picha. Na nasema mtoto wa darasa la pili ataiona aelewe vile mzee alipofuka, na wewe hutaelewa."

Panga likasimama hewani. "Mimi nilikuwa benchi ya mbele."

"Kuja Jumamosi uonyeshe watu hakuna kitu."

"Jumamosi ni ya wamama."

"Ni ya wamama, ndiyo. Mwanaume haingii," nikasema, na hapo ndipo lile wazo likanijia lenyewe. "Isipokuwa ameletwa na mama yake."

Watu wakaangua kicheko. Gathogo naye akacheka, kisha akagundua kwamba hawamcheki mwingine. Mama yake alikuwa hai na anaishi Mugutha, na kila mtu alijua ndiye mtu pekee duniani anayeweza kumwambia Gathogo anyamaze. "Sawa," akasema. "Nitakuja naye. Na hiyo picha ikiisha nitasimama hapo mlango niulize mzee alipofuka aje, na wewe utanijibu."

Ijumaa habari ilizunguka Ruiru nzima. Kila mwanaume alitaka kuwepo Gathogo akiaibika, au mimi nikiaibika, haikuwa na tofauti kwao. Lakini sheria ya mlango ilikuwa imeshatoka mdomoni mwangu mbele ya watu, na mimi sikuwa na nia ya kuibadilisha.

Ningependa mngeiona ile Jumamosi. Walikuja wakiwa wawili wawili. Makanga wa matatu na mama yake. Fundi wa baiskeli na mama yake. Wanaume wenye ndevu wamebeba vikapu vya akina mama, wamewashika mkono kwenye ngazi. Kijana mmoja ambaye mama yake yuko mbali alikuja na mama wa rafiki yake, wakawa wanaulizana majina mlangoni mpaka nikawaonea huruma nikawapitisha. Akina mama wa kawaida waliposikia mama za watu wamekuja, nguo za kufua wakaziacha. Mama wa Gathogo alikuwa mdogo wa umbo, amevaa kofia ya sufu ingawa kulikuwa na joto, na hakuwahi kuona picha maishani. Akaonyesha televisheni kwa kidole, akaniuliza, "Hawa watu wako ndani ya hiyo kabati wamekula?" Sijui mpaka leo kama alikuwa anatania.

Kibe alikaa nyuma na rimoti yake, amejiandaa. Mimi nikabonyeza, nikatoa mkono.

Njuga zikalia. Wimbo wa kwanza ukaanza, na sauti nzito kutoka nyuma zikaitikia kwa mazoea, "Peleka!" Kibe akanyoosha rimoti. Hakuna kitu. Akaipiga kwenye goti, akanyoosha tena. Betri zake zilikuwa kwenye redio yangu pale mlangoni, zinacheza nyimbo za dini. "Peleka!" Gathogo naye akaita, na papo hapo nikasikia sauti nyembamba ya mama yake, kwa Kikikuyu, ikimwambia akae kimya, watu wanaimba. Akakaa kimya. Ukumbi mzima wa wanaume ukakaa kimya, maana kila mmoja alikuwa amekaa karibu na mtu aliyewahi kumchapa.

Nikageuza kiti kama Mzee Swaleh, nikawaangalia watu. Kwenye wimbo wa mvua Gathogo aliinamia mbele. Kwenye wimbo wa bembea akasema polepole, "Kumbe ni wake," kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Ulipofika wimbo wa taa, mama yake ndiye aliyesema, "Huyu mzee anangoja mtu hatakuja. Mimi namjua huyo."

Picha ikaisha. Watu wakatoka, lakini hawakwenda popote. Walijipanga nje wakimngoja hakimu. Mimi nilisimama mlangoni na birika mkononi, nikijiambia kwamba akisema ni ya bure tena, hilo birika ndilo litakuwa langu.

Gathogo akakohoa. "Sasa nimeelewa mtoto ni wa nani. Nimeelewa macho ilienda wapi. Na bado ni mbaya."

Lakini hakuwa amemaliza. "Ni mbaya kwa sababu huyo kijana hangeenda. Mtu anaachaje baba namna hiyo? Aliyeitengeneza hajui watu."

"Kijana alifukuzwa," mama mmoja akamkatiza. "Si ulimwona mama mkwe vile alifanya?"

"Mama mkwe hakukosea," mama wa Gathogo akasema. "Msichana wa njuga namna hiyo hata mimi singemkaribisha."

Hapo palichafuka. Akina mama wazee wakasimama na mama mkwe, wake wakasimama na msichana, wanaume wakagawanyika kati ya mzee na kijana, na fundi wa baiskeli akawa peke yake akishikilia kwamba mzee hakupofuka kwa kulia, alipofushwa na moshi wa taa. Gathogo akamwambia hana macho hata yeye. Kelele zikafika relini. Kamande akaja mbio akishika kofia, akidhani kwamba ukumbi wake unavunjwa.

"Wanapigana?" akaniuliza.

"Wanabishana juu ya picha."

Akawaangalia, halafu akaangalia ndani, mabenchi yote yamesogezwa na watu. "Watarudi?"

Gathogo ndiye aliyejibu, kidole kikiwa kifuani kwa fundi wa baiskeli: "Jumamosi ijayo tunarudi, na nitakuonyesha mahali machozi inaanza. Uje na mama yako." Kamande akanigeukia, akatazama ule ufunguo shingoni mwangu, akaenda zake bila kuuomba. Nilikaa kwenye kile kiti mpaka ukumbi wenyewe ukafungwa, na karibu muda wote huo Gathogo alikuwa anakuja kuichukia ile picha, kila mara kwa sababu mpya.

Jumatatu yake nilipanda Thika kurudisha kanda. Nilimkuta Mzee Swaleh ameketi na chupa ya spiriti, anasafisha kichwa cha mashine. Nikamsimulia yote, vikapu, mama zao, betri, na Gathogo aliyesema picha ni mbaya baada ya kuiona nzima. Nilidhani hapo atakasirika. Akacheka mpaka akaweka chupa chini.

"Ana haki," akasema. "Mimi pia siipendi. Ni ndefu, na huyo msichana analia sana."

Nilikaa chini. Nilikumbuka ile miezi yote aliyoionyesha Thika, nyimbo zote mpaka njuga ya mwisho, kiti kimegeuzwa. Nikamuuliza mbona basi hakuwahi kuruka hata wimbo mmoja.

"Kwani ilikuwa yangu?" akasema, akachukua kitambaa akaendelea kusafisha.